Moshi wa Manowari

Mwaka 1936, Obura, fundi cherehani mjini Kisii, aliikuta kadi yenye picha ya manowari dukani, akamkimbilia nayo mkewe, Nereah. Tangu vita vya Waingereza na Wajerumani viishe watu walimcheka aliposema alitia makaa ya mawe tanurini, tumboni mwa meli hiyo.

Nereah akasoma historia nyuma ya kadi: mapigano yote, jina la nahodha, hata jina la mbwa wake aliyevishwa nishani.

“Na watia makaa?” Obura akauliza.

“Hawamo, Baba Akong’o.”

“Mbwa kapewa nishani, mimi kikohozi!” Obura alifoka, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaigeuza kadi, akaweka kidole juu ya bomba la meli, kwenye moshi mzito mweusi.

“Waambie wanaonicheka, nimo. Mimi ndiye huyu.”