Wifi Yangu Mbele

Nianze na hili ili nisije nikasemwa: nina wivu. Ninao, na siku ninazozisimulia hapa ulikuwa umenifika kooni. Anayejidai hana wivu hajawahi kumshonea mtu mwingine nguo aliyotakiwa kuivaa yeye.

Mimi ni fundi cherehani. Kikundi chetu cha ngoma kina wanawake tisa na wapigaji watatu, na tangu kianze, aliyekuwa akitangulia kuingia jukwaani ni mimi. Tunacheza kwa mstari. Wa mbele ndiye kila kitu: akiingia mnaingia, akigeuka mnageuka, akichelewa mnachelewa naye. Na haruhusiwi kutazama nyuma. Hilo Mwalimu wetu halifanyii mzaha kabisa. Anasema wa mbele akigeuza shingo, watazamaji nao wanaanza kutafuta kilichopotea.

Nafasi hiyo nimeicheza nikiwa na mimba, nimeicheza na kifundo cha mguu kilichovimba, nimeicheza siku mbili baada ya kumzika baba. Haikuwa na mjadala. Kisha akaja wifi yangu.

Huyu ni mdogo wa mwisho wa mume wangu, kazi yake ususi. Aliyempeleka kikundini ni mimi, kwa mdomo wangu huuhuu. Nilimwambia, "Njoo ucheze, wifi, utanenepa humo saluni." Nilijipalia makaa mwenyewe. Haikuchukua muda binti akawa anacheza mpaka wapigaji wanasahau kumwangalia Mwalimu. Lakini kilichoniuma zaidi si uchezaji wake. Ni kwamba walimpenda. Kila Jumamosi baada ya mazoezi aliwasuka bure, mmoja baada ya mwingine, wamekaa chini katikati ya magoti yake wanamwaga siri za nyumbani kwao. Hata Nesi, rafiki yangu wa miaka yote, akaanza kumwita "mdogo wangu". Mdogo wako wa wapi? Mimi nimewashonea wote, tena kwa bei ya kutupa, na hakuna aliyewahi kuniita dada.

Basi ukaja mwaliko wa tamasha la kimataifa la ngoma za asili, nchi ya mbali, ya baridi. Mwalimu akatukusanya. Tungecheza mara mbili, ufunguzi ndani ya ukumbi, na siku ya mwisho nje, kwenye uwanja wa katikati ya mji.

"Ufunguzi atatangulia huyu mdogo," akasema. "Nataka nimwone. Atakayetangulia siku ya mwisho nitaamua hukohuko." Halafu akanigeukia. "Wewe utasimama wa pili. Mkae karibu, mtu na wifi yake."

Wote wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, kwa nguvu, viganja vikaniwasha.

Kwa hiyo nilikuwa na haja moja tu duniani: kutangulia siku ya mwisho. Na ili nitangulie, wifi yangu alitakiwa aharibu. Nimejaribu kulisema jambo hili kwa namna yenye adabu, halina.

Vazi la wa mbele ni tofauti kidogo na mengine, lina mkanda mpana mwekundu kiunoni. Nilimpima mwenyewe, dukani kwangu, amesimama kwenye kigoda anatafuna ubuyu wa dukani kama mtoto.

"Wifi, usinibane, nataka kupumua," akasema huku anacheka.

Shetani akanipitia, nikawaza nipunguze kidogo tu, ukubwa wa kidole, ashindwe kuvuta pumzi katikati ya ngoma. Sikupunguza. Roho mbaya ninayo, lakini kazi yangu siichezei. Nguo ikamkaa mpaka nikakasirika.

Sasa ni lazima nieleze ukumbi wetu wa mazoezi, maana kisa chote kilianzia humo. Ni chumba kirefu nyuma ya ghala. Ukisimama kama tunavyosimama kucheza, mkono wa kulia kuna dirisha pana, na mkono wa kushoto kuna stoo ya viti. Mwalimu hajawahi hata siku moja kusema kulia au kushoto. Yeye hupiga kelele, "Dirishani!" au "Stoo!" na sisi tunakwenda. Katikati ya ngoma kuna mgeuko mmoja mkubwa. Wapigaji wananyamaza kidogo, halafu mstari wote unakata kona kwenda dirishani, yaani kulia. Sisi wa zamani mgeuko ule tunaujua kwa miguu. Wifi yangu alikuwa anaujua kwa dirisha.

Huko ugenini tulilala kwenye bweni la shule, vitanda vya chuma, hita inayonguruma ukutani. Siku moja kabla ya ufunguzi tulipelekwa ukumbini kufanya mazoezi, lakini kikundi kilichotutangulia hakikutaka kushuka, na muda wetu ukaisha tukiwa tumesimama pembeni na viatu mkononi. Tukaruhusiwa kuliona jukwaa tu.

Nikapanda. Ukuta wote wa kushoto ulikuwa wa vioo, mwanga wa mchana umemwagika mpaka katikati ya jukwaa. Kulia kulikuwa na mapazia meusi, hakuna hata tundu. Nikaona papo hapo kitakachotokea. Nikamtafuta wifi yangu kwa macho, naye alikuwa anahangaika na simu.

"Wifi, njoo tupige picha pamoja, tumtumie kaka!"

Nikaenda. Nikamkumbatia, nikatabasamu. Ile picha ipo, na ukiiangalia utadhani tunapendana. Kuhusu dirisha sikusema neno.

Kesho yake, nyuma ya pazia, alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi kama vya mtu aliyetoka kufua.

"Wifi, naogopa. Kuna kitu nasahau?"

"Hakuna," nikamwambia. "Nenda, utaweza."

Ngoma zikalia, tukaingia. Alicheza. Siwezi kusema uongo, alicheza vizuri sana, na ukumbi ulimpokea tangu hatua ya kwanza. Mimi nilikuwa nyuma yake nakitazama kisogo chake na roho inaniuma kama jino. Nikawa nauhesabia tu ule mgeuko. Nilikuwa nimeshaupanga kichwani: yeye ataenda kwenye vioo, mimi nitakwenda kulia, na wenzangu saba, wazoefu, watanifuata mimi. Atabaki peke yake kule kwenye mwanga, na kila mtu ataona nani anaujua mchezo huu.

Wapigaji wakanyamaza. Wifi yangu akakata kushoto, moja kwa moja, bila wasiwasi. Mimi nikakata kulia, kifua mbele, mikono juu. Nikapiga hatua zangu na kusikiliza miguu ya wenzangu nyuma yangu.

Ilikuwa inalia upande wa pili.

Nikageuza shingo, liwalo na liwe. Wanawake wanane walikuwa kwenye mwanga wa vioo, wamenyooka, wanapendeza. Mimi nilikuwa gizani, nimeelekea pazia, nimeinua mikono kama mtu anayesimamisha gari. Watu wachache wakacheka, wala si kwa ubaya. Nikakimbia kwa mwendo wa aibu, nikajichomeka mwisho wa mstari nyuma ya mwanamke niliyemfundisha mimi kufunga njuga.

Nyumbani walikuwa wameona kila kitu kwenye simu. Mume wangu alipiga kabla sijavua nguo.

"Pole, mke wangu. Ulipatwa na nini? Mama anasema labda baridi imekupanda kichwani."

"Hakuna kilichonipanda. Nilikuwa sahihi."

"Sasa sahihi peke yako, mama watoto?" Akacheka kidogo, kisha akaona si mahali pake. Simu ikanyakuliwa na mama mkwe.

"Lakini mwanangu kacheza!"

"Kacheza, mama."

"Mwambie namwombea. Na wewe upumzike, usijilazimishe."

Usijilazimishe! Nikaenda kumtafuta Nesi, ambaye kwenye mstari husimama nyuma yangu. Nilimkuta kwenye chumba cha kufulia, anakunja soksi.

"Ulijua mgeuko ni upande gani?" nikamuuliza.

"Nilijua. Mguu ulishaanza kwenda kulia."

"Na hao wengine?"

"Nani hajui? Miaka yote hii."

"Sasa ilikuwaje?"

"Nikamwona mdogo wangu anaelekea kule. Ningemwacha peke yake mbele za watu?"

"Mbona mimi mliniacha?"

Alimaliza kukunja soksi, akatafuta mwenzake. Nesi hana kawaida ya kusema jambo la kuumiza, ndiyo maana liliniumiza.

"Wewe ulikuwa sahihi," akasema. "Hukuonekana unahitaji mtu."

Nilitaka kuubamiza mlango. Milango ya kule hata haibamiziki, inajifunga yenyewe taratibu, na mimi nikabaki kwenye korido nimeushikilia kama mjinga.

Asubuhi, tukiwa kwenye kifungua kinywa, wifi yangu akasimama. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Mwalimu, jana nilikosea mimi. Wifi ndiye aliyekuwa sahihi. Niliona lile dirisha, nikapotea. Naomba siku ya mwisho atangulie yeye."

"Najua kwamba ulikosea, nina macho," Mwalimu akasema, bila kuacha kumenya yai. Akanitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Haya. Utatangulia."

Wakapiga makofi. Walikuwa wanampigia yeye, kwa uungwana wake.

Nilikuwa nimekipata nilichokitaka, tena nimekabidhiwa na mtu yuleyule niliyetaka anyang'anywe. Akaja bwenini na vazi, akanifunga ule mkanda mwekundu kwa mikono yake, akarudi nyuma kunitazama.

"Umependeza, wifi. Umenishinda kabisa."

Niliutafuta unafiki usoni pake kama ninavyotafuta sindano iliyoanguka sakafuni, kila pembe. Haukuwepo. Ningeuona ningepona.

Siku ya mwisho uwanja ulijaa, jua linawaka lakini halina joto. Hakuna dirisha, hakuna pazia, ni anga tu na watu pande zote. Nikasimama mbele, wifi yangu wa pili, Nesi wa tatu. Tukaingia.

Nilicheza kama zamani. Kwa muda mfupi hata nilisahau kununa. Halafu mgeuko ukaanza kukaribia, na likanijia wazo ambalo lilinikata furaha yote. Hawa watu sasa hivi watakwenda kulia pamoja na mimi, kwa sababu kulia ndiko kwenyewe. Wangekwenda hata kama mbele kungekuwa na mbuzi. Kumfuata mtu aliye sahihi ni kitu gani? Yule walimfuata amekosea, tena wanajua kwamba amekosea. Mimi nikikosea, nani atakuja?

Na siwezi kutazama nyuma.

Wapigaji wakanyamaza. Nikakata kushoto.

Nilifanya kusudi, na akili zangu timamu, wala simsingizii shetani safari hii. Hatua ya kwanza sikusikia kitu nyuma yangu. Kisha nikasikia njuga za mtu mmoja, karibu kabisa na mgongo wangu. Nilimjua, maana yeye hukanyaga kwa kisigino. Ilikuwa miguu ya wifi yangu, na haikusita. Baada yake kukawa na kimya kidogo, kimya cha watu wanaoamua. Ndipo njuga za wengine zikalia, zote kwa pamoja.

Mstari haukukatika. Uwanja ukalipuka kwa vifijo, na hakuna mgeni hata mmoja aliyejua kwamba tumekwenda upande usio wetu. Nikatabasamu, nikainua mikono, nikacheza hadi mwisho. Lakini masikio yangu yalikuwa bado kwenye kile kimya. Mimi sikuwatosha. Walingoja waone yeye amekwenda wapi, na alipokwenda, wakaja. Nilikuwa mbele, na mkanda mwekundu kiunoni, na waliyekuwa wanamfuata alikuwa mgongoni kwangu.

Tulipotoka uwanjani nikamvuta pembeni, kabla wenzetu hawajamaliza kutoka.

"Wewe ulijua kwamba ni kulia?"

"Nilijua, wifi. Nimeurudia mgeuko usiku kucha."

"Sasa ulinifuata kwa nini?"

Akanishangaa, kama kwamba nimemuuliza jina lake.

"Si wewe ndiye ulikuwa mbele?"

Wenzetu walikuwa wameshafika, wakamzunguka yeye.