Mzima Namba Arobaini na Moja

Jumatatu asubuhi, mkono wa kulia wa fundi wa maabara ulianza kucheza wenyewe, bila ngoma wala ruhusa. Alikuwa ameshika kibao cha vichupa vya damu, navyo vikagongana, ti-ti-ti, hadi karani akainua macho.

Kwingine lingekuwa jambo dogo. Maabara hii ilikuwa ikitafuta ndani ya jeni chanzo cha Parkinson, ule ugonjwa unaotetemesha watu, na kwa miaka sita ilikuwa ikilinganisha damu ya wagonjwa mia mbili na ya wazima mia mbili. Fundi mwenyewe ndiye aliyekuwa mzima namba arobaini na moja. Alijitolea kwa mbwembwe, shati limekunjwa hadi begani.

Profesa, mkuu wa maabara, aliitisha kikao cha watu watatu: yeye, karani na fundi mwenyewe.

"Ripoti inakwenda Ijumaa," alisema Profesa. "Ukiugua sasa, wazima wanabaki mia moja tisini na tisa."

"Basi nihamishieni kwa wagonjwa."

"Wagonjwa wametimia, ndugu yangu," karani alisema, akipekua daftari kwa huruma. "Nafasi hakuna kabisa."

Wakapiga kura. Kwa kura mbili dhidi ya moja, ikaamuliwa kwamba fundi ni mzima hadi Ijumaa saa kumi jioni, na mkono ukae mfukoni. Karani aliandika muhtasari bila hata kutabasamu. Fundi alichotaka ni barua tu ya kumfikisha kwa daktari wa mishipa ya fahamu, ghorofa ya chini, ambaye hapokei mtu bila barua ya Profesa. Na Profesa hawezi kumwandikia barua mtu mzima.

Kesho yake mkewe alikuwa akimfungia vifungo vya shati.

"Baba watoto, mkono huu uliacha kupunga ukitembea tangu mwaka juzi. Nikadhani unaringa."

"Sijaruhusiwa kuugua, mama watoto."

"Nani anayeruhusu?"

"Kikao."

Mkewe alimtazama, akamalizia kifungo cha mwisho, akaenda jikoni kulia.

Wiki ikasonga hivyo. Wenzake walimfungulia milango, wakamshikia kikombe, wakamsifu kwa afya njema. Jumatano mkono ulipochomoka mfukoni, Profesa aligeukia dirisha akazungumzia mawingu.

Ijumaa ikabaki fomu. Kila mzima alitakiwa kuandika mara tatu, kwa mkono wake, kwamba hana dalili yoyote. Fundi alivuta kiti akaandika. Mstari wa kwanza ulisomeka vizuri. Wa pili ulinywea. Wa tatu ulikuwa sisimizi waliojipanga.

Profesa aliichukua fomu aipige muhuri. Mwandiko wa namna ile alikuwa ameuona kwa wagonjwa wake miaka yote sita. Yeye ndiye aliyewafundisha madaktari wachanga kuutambua. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mwandiko haukukua.

Akakaa chini.

"Fundi," alisema, "ilianza lini?"

Tangu Jumatatu hakuna aliyemuuliza hivyo. Fundi alikuwa na maneno makali aliyoyaandaa wiki nzima, yote yakamtoka kichwani. Kwa mara ya kwanza aliogopa, akaogopa kweli. Mkono ukagonga meza, ti-ti-ti, na hakuna aliyegeukia dirisha.

"Mwaka juzi," alisema. "Mke wangu ndiye aliyeona."

Saa ilikuwa tisa na robo. Profesa alifuta namba arobaini na moja, akavuta karatasi, akaanza kuandika barua.