Mulingoti Uliopanda Butembo

"Tuushushe kwanza," Président Syauswa alisema. "Ziwa likifunguliwa, tunaurudisha."

Nikanyoosha mukono. Président akaangalia dirisha. Mukono wangu anaujua.

Tulikuwa tumejaa mu salon ya nyumba yake, hapa Butembo, sisi wa chama chenye mutumbwi, na yeye président wetu. Mutumbwi wenyewe ulikuwa mbali, chini kabisa kwa ziwa, Kyavinyonge. Moteur yake ilichukuliwa na watu wa bunduki, hata kamba ya kuwashia hawakutuachia, ndiyo tukaamua kusafiri kwa tanga. Mulingoti tulikata mu eucalyptus iliyonyooka, tukaikausha kivulini mpaka ukiigonga inalia kama ngoma. Tanga nililishona mimi, mushonaji, kwa bâche, maturubai ya wakimbizi yaliyouzwa sokoni. Lakini jasho kubwa mu ule mutumbwi lilikuwa la Mama Kavuo, muuzaji wa makayabo, samaki wa chumvi. Aliuza shamba lake la viazi la Musienene ili tupate mbao. Akikosa mutumbwi, hana pa kurudi kulima.

Na wakati ule ziwa lilikuwa limefungwa, samaki wazae. Sheria ya wavuvi ilikuwa moja: siku ya kufunguliwa, mutumbwi usiosimama majini na vyombo vyake vyote unapoteza numero yake ya kuvulia. Numero inapewa mwingine. Mutumbwi bila numero ni kitanda cha kuku.

Phinées, capitaine wetu, alikuwa amepanda kutoka ziwani kwa ajili ya jambo hilo moja: mulingoti ubaki juu ya mutumbwi, ao utolewe?

"Mimi sina politique," akasema. "Mulingoti ukibaki, batu banakuya usiku, banafunga tanga yao, banaenda kuiba samaki. Walinzi bakibakamata, banachoma mutumbwi. Hapana kuuliza mwenyewe ni nani."

"Basi utoe, lakini uuweke kule kule," nikasema. "Kwa misioni. Kwa shule. Kwa mama yako."

"Nyumba ya mama yangu iko na metre tatu, Papa Kitsa. Mulingoti iko na sita. Ulale nusu inje kama mulevi?"

Wakacheka. Président akacheka kuliko wote, halafu akatoa lile neno lake laini. Depo yake, ghala ya duka lake, ilikuwa na nafasi, na kufuli mbili na mulinzi. Mulingoti upande Butembo kwanza.

Kwanza! Mahali pengine, mutu akisema kwanza, unajua pili inakuja nyuma. Kwetu hapana. Mbao za daraja la bondeni zilitolewa kwanza, ili walete chuma. Binti yangu alikuwa mugongoni mwa mama yake siku ile. Leo ana mutoto wake mugongoni, na anavuka mule mule mu matope. Transfo ya umeme wa soko ilishushwa kwanza. Kengele ya shule yetu ilishushwa kwanza, na mpaka sasa wanapiga jante, chuma ya gurudumu la gari.

Yote hayo niliyasema pale pale, nimesimama.

"Président, nitajie kitu kimoja tu mu muji huu kilichoshushwa kwanza, halafu kikarudi juu. Kimoja!"

Mutu akakohoa.

"Papa Kitsa," Président akasema taratibu, "kichwa yako iko kama depo ya mutu maskini. Unaingiza tu, hauuzishi kitu."

Walicheka mpaka wakapiga magoti. Nikamugeukia Mama Kavuo, sababu neno lake ndilo lilikuwa zito.

"Mama, usikubali. Kule ziwani kila mutu anajua mulingoti ni nini. Hapa Butembo ni muti murefu tu, na kila mutu anatafuta muti murefu."

Alikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake.

"Ninakusikia, Papa Kitsa. Mais mimi ninaogopa moto kuliko Président."

Ikaisha hivyo.

Mulingoti ulipanda na Fuso ya Daudi, musafirishaji wa Beni, juu ya magunia. Niliupokea mimi. Nililaza matofali ya sima, yaani saruji, mahali patatu, nikaupima kwa jicho, usije kujipinda ukiwa umelala. Mulinzi wa depo aliniuliza kama mimi ni mugonjwa.

Haikuchukua muda, jirani wa Président akafiwa. Mvua ilikuwa inanyesha, watu wa kilio wakahitaji muti wa kuinua bâche. Nani atakataza maiti muti? Ulirudi na misumari. Niliing'oa mumoja mumoja, nikaziba matundu kwa nta ya mushumaa, nikaenda kumuambia Président: huu si muti wa hema.

"Nimeelewa, Papa Kitsa. Nimeelewa kabisa."

Alikuwa ameelewa. Radio ilipotangaza kwamba ziwa litafunguliwa Jumatatu, nilikimbia depo. Matofali yangu yalikuwa pale pale, mahali patatu, yamenyooka vizuri. Juu yao hakuna kitu.

Nilimukuta Président mu duka.

"Haukupotea," akasema, bila hata kuacha kunywa chai. "Iko Beni. Inasaidia kwanza."

"Inasaidia nani?"

"Inasaidia."

"Jumatatu ziwa linafunguliwa!"

"Eh, Papa Kitsa, Jumatatu! Kata mwingine. Butembo ni eucalyptus tupu."

Hapo nilijua hajawahi kupanda mutumbwi. Ukisimamisha eucalyptus mbichi na kuifunga tanga, ikipigwa na jua na upepo inajikunja kama musumari mubaya. Na kukauka kwa siku tatu, ni muti gani huo?

Nikaenda kwa Mama Kavuo. Hakulia, hakunitukana. Alivaa viatu. Tukamufuata Daudi parking, akipakia.

"Lakini mimi ndiye niliupeleka," Daudi akasema, akishika kichwa. "Wallahi, Mama, Président alisema nyinyi munajua! Alinionyesha hata mahali pa kuushusha. Pandeni, ninaenda Beni sasa hivi."

Mu njia, kwa kila barrière, kila kizuizi cha barabarani, nilikuwa ninasema. Nilisema juu ya daraja, juu ya transfo, juu ya baba yake Président, ambaye zamani alichukua mizani ya cooperative ya kahawa ili aitengeneze. Mama Kavuo akanishika mukono.

"Papa Kitsa, ulikuwa na haki. Sasa nyamaza, ninawaza."

Beni, nyuma ya nyumba mupya yenye rangi ya bluu, mulingoti wetu ulikuwa umesimama. Mguu wake ulikuwa umemwagiwa sima. Juu kabisa, mu pete ile ya kupitishia kamba ya tanga, walikuwa wamepitisha waya wa courant, wa umeme. Waya uliingia mu chambre froide, chumba cha kugandisha samaki. Na mlangoni watu walikuwa wanatoa katoni za samaki wa barafu, wale wanaotoka mbali na mashua za wengine, wale wale ambao tangu mwaka uliopita wamejaza soko la Butembo mpaka makayabo ya Mama Kavuo yanaozea mu kikapu.

"Ya nani hii?" nikamuuliza mulinzi.

"Ya Président Syauswa."

Mama Kavuo alichukua simu yangu. Président akajibu haraka.

"Mama, mais calme! Nitakutafutia mwingine. Eucalyptus iko mingi."

"Kama iko mingi, donc wewe uliikosa wapi?"

Mama Kavuo akakata simu. Kisha akavuka barabara, akaingia kwa seremala, akarudi na musumeno.

Nilianza kumuhutubia mulinzi: haki ya wanyonge, mali ya chama, historia yote. Aliniangalia kama anayesikiliza mvua. Mama Kavuo alipiga magoti, akaweka meno ya musumeno juu ya sima, akavuta.

"Mama! Utakufa! Iko na courant!" mulinzi akalia.

"Basi zima."

"Patron atanifukuza!"

Akavuta tena. Unga wa muti ukaanguka kwa viatu vya mulinzi.

"Ngoja kwanza, nizime!" akapiga kelele, akakimbia ndani. Na kweli akazima, friji zikanyamaza. Tangu nizaliwe sikuwahi kuona kwanza yenye pili yake karibu hivyo.

Tulikata kwa zamu, mimi, yeye, na Daudi. Kipande kirefu kama mukono wangu kilibaki mu sima. Mu Fuso, kati ya Beni na Butembo, nilipiga simu tanga liletwe parking, na tuliposhuka kupitia Kyondo nilikuwa nimekaa juu ya magunia, ninalikata tanga langu chini lifuate mulingoti uliopunguka, ninalipinda, ninashona upya. Ungeniambia nishone kwa hasira, ningekuambia tayari.

Phinées alitupokea mu giza la asubuhi.

"Huu mulingoti mulikuwa munautafuna?"

Hakuna aliyecheka. Tuliuingiza mahali pake, tukaukaza kwa kabari, tukafunga kamba. Wakuu wa wavuvi walipopita, mumoja alipima tanga kwa macho, akainua bega, akapiga alama ya chokaa. Numero ikabaki yetu. Mutumbwi ulitoka wa mwisho, pole pole, tanga fupi likiomba upepo kama mutoto anayeomba sukari. Wenye moteur walikuwa wameshapotea.

Mu simu yangu kulikuwa na ujumbe wa Président: réunion, mukutano wa chama, Alhamisi, kwa shukrani ya wote waliosaidia kulinda mali ya chama.

Nilimusomea Mama Kavuo kwa sauti, mishipa ya shingo imesimama. Alikuwa anapanga mawe matatu ya jiko mu kibanda cha majani, karibu na pale mutumbwi unapovutwa.

"Twende, Daudi anangoja," nikasema. "Alhamisi nitamumaliza mbele ya wote."

"Mumalize. Mimi ninabaki."

"Kubaki hapa? Na nyumba yako?"

"Nyumba itafungwa. Ziwa likifungwa tena, mulingoti utalala humu ndani, na mimi pembeni yake. Ukitoka nusu inje, nitalala kwa ile nusu."

"Mama, hapa kuna mbu, kuna watu wa bunduki, hauna hata ndugu..."

"Papa Kitsa, niachie sindano."

Nikampa ile kubwa, ya bâche, na uzi wote uliobaki. Juu ya barabara Daudi alikuwa anapiga honi.