Waziri Mkuu wa Karakana

Kiti cha mama kilikuwa na mto uliobonyea katikati, na tangu wamzike, wiki tatu sasa, hakuna aliyekikalia. Kilikaa karibu na mlango wa karakana yao ya ushonaji, pale alipokuwa akipokea wateja na kuamua nani ashone nini.

Asubuhi hiyo mteja aliingia akitaka sare sitini za shule. "Mkubwa wenu nani?" Ndugu watatu wakatazamana kama kuku wageni. Mteja akaaga: atarudi saa kumi, na asipopata wa kuongea naye, kazi ataipeleka kwingine.

"Dada, kaa pale yaishe," alisema mdogo wake, mkata vitambaa, ambaye mama alimbandika jina la Mheshimiwa kwa kupenda kwake kubisha.

Dada alikuwa kifungua mimba na kazi aliijua. Lakini kila akikikaribia kile kiti aligeuza njia. Kukikalia ilikuwa kama kumzika mama mara ya pili.

"Basi tukuchague miaka mitano, kama rais," Mheshimiwa akasema. "Wananchi wakishamchagua, ana muda wake na bunge lina wake. Kumng'oa katikati si mchezo. Tutakuvumilia tu."

"Kunivumilia!"

Kitinda mimba, mwalimu wa uraia aliyekuja likizo kusaidia kushona vifungo, akacheka. "Kuna nchi zinazoongozwa na waziri mkuu pia. Huyo anatoka humohumo bungeni, anakaa na wenzake, anaongoza maadamu wanamwamini. Imani ikiisha wanapiga kura, anafunga virago."

"Huo uwaziri mkuu ndio siutaki kabisa. Nikikosea kipimo kimoja, mtanifukuza."

"Ukikosea tunafumua, Dada," Mheshimiwa alisema, safari hii bila kubisha. "Mama alikufumulia mara ngapi? Alikufukuza?"

Dada akageukia mlangoni. "Na kiti je?"

"Kiti kina mwenyewe," mwalimu akajibu taratibu. "Kwenye nchi za namna hiyo mkuu wa nchi huwa mtu mwingine. Kazi za kila siku haamui yeye. Yupo tu, watu wajue bado ni wamoja."

Dada aliinuka, akachukua daftari la vipimo lililokuwa juu ya ule mto. Vumbi akalipangusa kwa kiganja; pale palipobonyea hakupanyoosha. Kisha akarudi kwenye stuli yake, katikati ya wadogo zake, akafungua ukurasa mpya.

Saa kumi mteja alirudi. "Haya, mkubwa nani?"

"Mimi," Dada alisema. Akashika kalamu. "Lete vipimo vya watoto."

Mteja akashusha pumzi, akavuta kile kiti akae.

"Hapo pana mtu!" wakasema wote watatu kwa pamoja, na Mheshimiwa akamsogezea benchi.