Gesi ya Kucheka

Grâce Cubaka aliondoka Shively, kwa mama yake pembeni mwa Louisville, roho ikiwa juu, na sababu ilikuwa kifurushi kidogo tu. Mama yake alikisukuma chini ya kiti cha gari, karibu na sanduku la mashine yake ya kupimia gesi, akasema, "Pelekea dada yako Nabintu. Bon, usifungue."

Nani asiyefungua? Ukimwambia mtu asifungue, umeshamfungulia. Hata Louisville hajaimaliza, Grâce alisimama kituo cha mafuta akakifungua, akakuta mabonge meupe ya pemba, ule udongo wanaoutafuna wajawazito. Lo! Kwa hiyo dada yake alikuwa na mimba. Hakuna aliyemwambia, wala hakuna ambaye angemwambia, maana kwao mimba haitangazwi mpaka ijitangaze yenyewe. Ukiitaja mapema unaiitia jicho baya. Na Nabintu alikuwa ameshapoteza mbili. Familia nzima ilijua na familia nzima ilinyamaza, ikabaki kufunga na kuomba, na kumtazama kwa pembe ya jicho kila jirani aliyewahi kumletea Nabintu sahani ya chakula.

Grâce alifurahi, kisha furaha ikamwisha hapo hapo penye pampu ya mafuta. Yeye alikuwa fundi wa kampuni ndogo ya Columbus iliyopima gesi ya kucheka, ile anayovutishwa mgonjwa kwa daktari wa meno ili woga na maumivu vipungue. Ikivuja ikapanda angani hukaa huko miaka mingi ikiipasha dunia joto, na ndiyo sababu hospitali zilimwita kusaka mivujo kwenye mabomba yao. Lakini mafundi wa gesi hiyo wanajua na jambo jingine: wanawake wanaoivuta kazini kila siku, katika chumba kisicho na hewa safi, wametajwa kwenye tafiti kwamba mimba zao huharibika zaidi. Na Nabintu alifanya kazi wapi? Kwa daktari wa meno, huko Buffalo, Lower West Side, akiwashika watoto mikono na kuwabembeleza kwa Kiswahili wakati wanavalishwa kibarakoa cha puani.

"Nazunguka napima vyumba vya watu," alijisemea barabarani, "cha dada yangu sijawahi kukanyaga!" Alijichukia. Akakanyaga mafuta.

Columbus akakuta kizuizi, na kizuizi chenyewe kilikuwa Anselm, mkuu wake, Mtanzania wa Bukoba ambaye hata chai hainywi mpaka ipoe.

"Mashine haitoki kabla hatujaisahihisha," alisema Anselm.

"Isahihishe basi, kaka! Kesho nataka niwe Buffalo."

"Zamu ya Buffalo ni mwezi ujao."

"Kesho."

Anselm akamtazama juu ya miwani. "Kuna nini?"

Aseme nini? Siri ya tumbo la mwenzako huipeleki ofisini. "Kuna dada yangu," alisema tu, na sauti ikamsaliti. Anselm akafungulia mtungi wa gesi ambayo kiwango chake kilijulikana, akaiunganisha na mashine, wakangoja waone kama itakisoma sawa. Ndani yake leza hupiga mwanga usioonekana kwa macho, wenye rangi ile ile ambayo gesi ya kucheka huinywa. Mwanga ukifika upande wa pili umepungua, ujue gesi ipo, na kadiri ulivyopungua ndivyo gesi ilivyo nyingi. Kazi ya kungoja tu. Grâce alikaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Anselm akamwambia atatoboa sakafu.

Buffalo ilimpokea kwa upepo wa ziwani unaokata masikio. Kwenye kliniki, sebule ya kungojea ilikuwa imejaa kina mama wa Kikongo na watoto wao, wengi wanaosali kanisa moja na Nabintu. Daktari Clinton alikuwa mtu mwema mwenye haraka. Alimwonyesha chumba cha matibabu, akarudi kwenye karatasi zake.

Nabintu alikuwa ndani akipanga vifaa. Walikumbatiana. Grâce akampa kifurushi. Dada mtu akakipokea bila kumtazama usoni, akakitia mfukoni haraka.

"Mama anasalimia," alisema Grâce.

"Aksanti. Donc umekuja kupima? Pima."

Grâce akawasha mashine. Kabla hajaigusisha na bomba lolote, namba zikapanda. Akapitisha mrija kwenye viungo vya mabomba, kimoja baada ya kingine: vizima vyote. Mtungi nao ulikuwa mzima. Hakuna kilichovuja, na bado chumba kizima kilikuwa na gesi. Inatoka wapi? Mara ikamjia: kwenye vinywa vya watoto. Mtoto analia, kibarakoa kinahama, gesi inamwagika usoni kwa yule anayembembeleza. Sawa, lakini hewa ya nje ingepaswa kuifukuza. Akainua macho darini. Nyuma ya wavu wa tundu la hewa kulichungulia ncha ya kitenge.

Alipanda kiti, akaufungua wavu, akavuta. Kikatoka kitenge kizima, kimekunjwa na kushindiliwa vizuri.

"Nani ameweka hii?"

"Ni miye," alisema Nabintu. "Kwani nini? Ile mupepo ilikuwa inanipiga mugongo siku muzima. Wewe hukusikia Mama? Baridi ikiingia mugongo ya mwanamuke, inashuka ku tumbo."

"Uliziba lini, yaya?" Ndivyo alivyomwita dada mkubwa tangu utoto wao Bukavu.

"Kila mara nikiwa..." Nabintu akajikata. Mkono ukamwenda tumboni wenyewe.

"Kila mara ukiwa na mimba," alimalizia Grâce. "Usinifiche. Nimeibeba pemba mwenyewe toka Shively. Mficha uchi hazai, yaya!"

Akamweleza yote, upesi upesi, kwa maneno mepesi, na kila neno lilimuuma mdomoni. Nabintu alisikiliza akikitazama kitenge. Alipoelewa, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa.

"Wale wawili," alisema. "Ni miye niliwaua?"

Grâce alitamani kusema hapana. Lilikuwa neno dogo, lingemtosha dada yake, na lisingekuwa la kweli. "Sijui," alisema, akilia. "Hii mashine inapima hewa ya leo. Ya wakati ule ilishakwenda zake, hakuna mtu atakayeijua kamwe. Ulikuwa unamlinda mtoto, yaya. Ulikuwa unamlinda."

Nabintu akajifuta machozi.

Mlango ukafunguka. "Nabintu, mtoto anayefuata," alisema Daktari Clinton, na nyuma yake mtoto alishaanza kulia.

Nabintu aliinuka kwa mazoea, akapiga hatua. Grâce akamshika mkono. Nabintu akamtazama mdogo wake, akatazama sebule ile, kina mama wote wale, macho yote yale aliyoyakimbia miezi kadhaa kwa gauni pana na sweta. Kisha akatoka mpaka mlangoni, akasimama wazi.

"Daktari, leo siingii humo," alisema kwa Kiingereza. "Niko mjamzito."

Vichwa vikageuka. Na kwa kuwa walikuwepo wasiojua Kiingereza, akalirudia kwa Kiswahili, kwa sauti, mikono yote miwili juu ya tumbo.

"Niko na mimba. Niangalieni."