Sampuli Zilizoliwa na Wageni

Saa tatu asubuhi mkemia alifungua friza ya maabara akakuta droo mbili za juu tupu. Ya tatu ilikuwa na vifuko tisa tu. Jana jioni alikuwa ameacha sitini na tatu.

Kila kifuko kilikuwa na punje hamsini za zabibu za mvinyo, zilizochumwa kwenye mizabibu mikongwe ya shamba moja, kila baada ya siku chache tangu zianze kuiva. Wenzake walimwita Pua, maana alizinusa na kutoa jibu kabla mashine haijasema. Lakini kamati iliyokuwa ikiamua hatima ya shamba haikutaka pua, ilitaka vipimo. Kama vingeonyesha jinsi harufu ya waridi iliyomo kwenye zabibu hizo inavyopanda wiki hadi wiki, mizabibu ingeachwa. La sivyo ingeng'olewa, ipandwe aina mpya inayozaa sana.

Alitoka mbio hadi chumba cha mikutano, ambako mkurugenzi alikuwa na wageni tangu alfajiri. Wageni wa mkurugenzi walikuwa wameshaondoka. Mezani palibaki sahani, vikonyo, na mbegu zilizotemwa kwenye karatasi laini. Ndani ya ndoo ya taka aliviona vifuko vyake, vyenye tarehe za mwandiko wake mwenyewe.

Katibu muhtasi alikuwa anafuta meza. Huyo alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, na waliishi nyumba moja.

"Wifi, nani kafungua friza yangu?"

"Mimi. Bosi alisema wageni wapewe kitu cha baridi. Na wamezisifu kweli, yaani—"

"Nimeandika 'Usiguse' pale mlangoni!"

"Nilimwambia. Akasema hilo tangazo ni la wafagiaji."

Damu ilimpanda Pua kichwani. Akaenda kwa mkurugenzi na kuingia bila kubisha. Mkurugenzi alikuwa anachokonoa meno.

"Punguza jazba, mama. Zabibu ni zabibu. Kachume nyingine."

"Nichume wapi? Mavuno yalikwisha wiki mbili zilizopita!"

"Basi andika friza iliharibika. Au andika katibu alikosea. Si ndiye aliyezitoa? Kweli si kweli?"

Wifi alikuwa amemfuata Pua hadi mlangoni, kitambaa mkononi, machozi yakimlengalenga. Dakika chache nyuma wangeweza kung'oana nywele. Lakini alipomsikia mtu mzima akimtupia katibu kosa lake mwenyewe, Pua aliona hasira yake imempata anayeistahili.

"Mla mbuzi hulipa ng'ombe, bosi. Umekula wewe na wageni wako, halafu achinjwe wifi yangu? Thubutu!"

Siku mbili alivifanyia kazi vile vifuko tisa, akimenya maganda na kukamua maji kwenye chupa ndogo, na kwa ghadhabu akavunja mbili. Mashine ilichora mstari wa harufu ya waridi ukisimama wima kama mlingoti. Ila vyote tisa vilikuwa vya wiki ya mwisho. Ulipandaje hadi hapo, hakuna ambaye angejua.

Akampigia simu mkulima, mjane mwenye shamba lile, aliyezichuma kwa mkono wake.

"Zimeliwa?" mkulima aliuliza.

"Zimeliwa, mama."

"Miezi miwili nimemeza mate nisionje hata moja, ili zitoshe! Waje kwangu, niwaonyeshe wanavyoliwa watu!" Akakata simu.

Kwenye ripoti Pua aliandika: "Vifuko hamsini na vinne vililiwa na wageni wa mkurugenzi, kwa amri yake." Mkurugenzi akakata sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu. Pua akairudisha. Ikakatwa tena. Mara ya tatu hakumpelekea, aliibeba ripoti mwenyewe hadi kwenye kamati, na chini yake wifi alikuwa ameweka sahihi kama shahidi.

Kamati iliiacha mizabibu hadi mavuno yajayo, vipimo vianze upya. Mkurugenzi alishauriwa, kwa maneno laini kama pamba, awe mwangalifu. Pua ndiye aliyepewa barua ya onyo, kwa kumruka mkubwa wake. Aliisoma amesimama, akaichana vipande vinne, akarudi kuosha chupa zake.

Ama wifi, ulipita mwezi mzima kabla Pua hajaweza kumpakulia chakula bila kugonga mwiko kwenye sufuria.