Harusi za Kutu

Jumanne moja ya Mei, mkaguzi alipopita kutafuta vichaka vya miiba viitwavyo berberis, Aksel Bundgaard alikuwa ameshatandaza mashuka sita juu ya kichaka chake nyuma ya banda la nguruwe. Sheria ilitaka ile miiba ing'olewe Denmark nzima, maana ndiko kutu, ule ugonjwa wa ngano, inakofungia ndoa. Mkaguzi aliyasifu mashuka kwa weupe, akaenda zake.

Mchana harusi ikafungwa. Maharusi walikuwa na kimo cha kidole gumba, rangi ya machungwa tangu kofia hadi viatu, na mpiga fidla wao alikuwa amelewa kama kawaida. Kirstine, mke wa Aksel, aliwapelekea kahawa kwenye kastabini.

Watoto wa ndoa hizo huzaliwa wiki hiyohiyo, maelfu, kila mmoja na ufunguo wake, na hakuna ufunguo unaofanana na wa nduguye. Hubebwa na upepo wakajaribu milango ya ngano. Kwa Aksel waliingia bila hodi. Kwa jirani yake Laurits, aliyeagiza mbegu mpya kutoka Uswidi, walijaribu miaka mitatu wakarudi na funguo zilizopinda.

Hilo ndilo lililomuuma Aksel roho. Yake kuoza aliweza kustahimili. Ya Laurits kutooza, hapana. Jumapili baada ya ibada sisi wanaparokia tulikuwa tukienda kuitazama ngano ile, na Kirstine aliyashika masuke kwa vidole viwili, taratibu, jinsi ambavyo hakuwa amemshika mumewe tangu Krismasi.

"King'oe hicho kichaka," alimwambia Aksel. "Na sisi tuvune."

"Na Laurits naye avune?"

"Sasa yeye akivuna, wewe unapungukiwa nini?"

Tusidanganyane, kijicho cha Aksel tulikijua sote.

Juni haijaisha, msichana mmoja wa kutu, mwenye ufunguo wa meno matano, alikuja kumwarifu kwamba mlango wa Laurits umefunguka. Aksel alimshukuru, akala chakula chake cha mchana chote na kuongeza. Kufikia mwisho wa Julai, ukipita shambani kwa Laurits unatoka na suruali nyekundu hadi magotini, na mabua yalikuwa yamevunjika yakalala.

Parokia ikamhurumia Laurits. Keki zikaanza kupelekwa kwake, za asali, za tufaha. Kirstine naye akaoka.

"Na yangu je?" Aksel alisema. "Si imeoza vilevile?"

"Yako inaoza kila mwaka, Aksel. Tumeshaizoea."

Akaifunika keki kwa kitambaa, akaondoka nayo.

Mwaka uliofuata Laurits alipanda mbegu nyingine, ngeni zaidi, na funguo zote zikagoma. Watu wakarudi kuitazama, wakaisifu kuliko ile ya kwanza. Mei nyingine ilipofika, Aksel alichuchumaa nyuma ya banda akamngoja bibi harusi amalize kucheza.

"Hii mpya ya Laurits itawachukua muda gani?"

"Miaka mitatu, minne hivi," bibi harusi alisema. "Usijali, baba. Sisi tunazaa wengi, na wewe hutufukuzi."

Aksel alisema hana neno, atasubiri. Mwaka ule hakuvuna hata gunia moja.